Nusu ya Asilimia Iliyoniponza

Juzi msomaji ameniandikia: marhamu yake ya ukurutu imemwishia, ile ya kampuni aliyoizoea haipatikani, sasa achukue ipi? Kabla sijamjibu nilikunja mkono wa shati nikaangalia ndani ya kiwiko changu.

Mimi niliandikiwa mometasoni ya 0.1%, steroidi ya kupaka ya kutuliza ukurutu. Haikuwepo. Muuzaji akaniwekea mezani klobetasoli ya 0.05%, akasema ni zilezile. Nikapiga hesabu yangu ya darasa la nne: 0.05 ni nusu ya 0.1, basi hii ni laini zaidi. Nikajiona mjanja kweli. Muuzaji naye alinyamaza, na mpaka leo sijamsamehe.

Siku ya tatu muwasho ukakata. Badala ya kuacha, nikaendelea kupaka, maana nani anaacha kinachomfaa? Baada ya wiki kadhaa ngozi ya kiwiko ikawa nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, inang'aa, vishipa vyekundu vinaonekana. Nikikwaruzwa kidogo tu, inachubuka.

Daktari wa ngozi hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinieleza kwamba asilimia hulinganishwa ndani ya dawa moja tu. Haidrokotisoni ya 1% ni dhaifu, klobetasoli ya 0.05% ni kali kupita steroidi zote za kupaka zinazotumika kwa kawaida. Mtu mzima haipaki zaidi ya wiki mbili mfululizo wala haivuki gramu 50 kwa wiki. Mimi nilikuwa nimepewa dawa nyingine kabisa, nikaiita mbadala.

Jeneriki ya kweli ina kiambato kilekile, nguvu ileile na umbo lilelile. Kinachobadilika ni kampuni na bei. Kwa hiyo soma tyubu! Soma jina mpaka neno la mwisho, maana betamethasoni valereti na betamethasoni dipropioneti si dawa moja. Na umbo nalo usilidharau: marhamu mara nyingi hupenya kuliko krimu yenye dawa ileile. Zile zilizochanganywa na dawa ya fangasi na antibiotiki si mbadala wa chochote ulichoandikiwa peke yake. Na jeneriki halali ikikuchoma, huenda ni kihifadhi au propilini glikoli, kiyeyushi cha kwenye krimu. Ngozi yangu haiivumilii kabisa hiyo glikoli. Uso na mapajani juu usijaribishe kitu bila mfamasia kukuthibitishia. Jamani, tunasoma maandishi madogo ya mikataba ya simu, tyubu inatushinda?

Yule msomaji amenitumia picha ya tyubu mbili kitandani, ya zamani imekunjwa mpaka shingoni. Ya zamani ni valereti ya 0.1%, mpya dipropioneti ya 0.05%. Nimemwambia asiifungue, ampigie aliyemwandikia kwanza. Amejibu kwamba ameshapaka mara moja, jana usiku, shingoni.