Marumaru nyumba nzima? Tazama kwanza vumbi la mlangoni na ndimu ya jikoni

Swali: Habari fundi. Tunamalizia nyumba Njeru, ng'ambo ya Jinja: sebule ya mita 5 kwa 6, jiko, bafu mbili, vyumba vitatu vya kulala na veranda ya mbele. Barabara yetu ni ya moramu, yaani udongo mwekundu wenye changarawe. Mimi nataka marumaru nyeupe kila mahali, lakini fundi wetu amemwambia mume wangu kwamba graniti tu ndiyo inafaa. Nani yuko sahihi? Na dukani nitajuaje jiwe ni lipi?

Jibu: Dada, kwa vyumba vya kulala marumaru yako inakubalika kabisa. Kwa sebule, jiko na veranda, fundi wenu anasema kweli, na sababu iko hapo hapo kwenye swali lako: barabara ya moramu.

Ugumu wa madini hupimwa kwa kipimo cha 1 hadi 10. Kalsaiti, ambayo ndiyo marumaru yenyewe, iko kwenye 3. Chembe za kwatsi, madini magumu yaliyomo kwenye vumbi na mchanga, ziko kwenye 7. Kila kiatu kinachoingia kutoka barabarani kinasugua marumaru kama msasa, na mng'ao hufa kwanza kwenye njia ya kutoka mlangoni hadi kwenye makochi, huku pembeni sakafu ikiendelea kung'aa. Graniti imejengwa kwa kwatsi na feldispa, ugumu wa 6 hadi 7, kwa hiyo inastahimili. Hata hivyo weka mkeka mrefu mlangoni, mita 2 hivi, mtu akanyage hatua mbili tatu kabla ya kufika kwenye jiwe. Chumbani watu huingia miguu mitupu, na ndiyo maana huko marumaru hudumu.

Jikoni adui ni asidi. Ndimu, nyanya, siki, soda na juisi ya pasheni huila kalsaiti na kuacha doa lisilo na mng'ao. Hilo si uchafu. Uso wa jiwe umeliwa, na hakuna sabuni itakayourudisha mng'ao. Dawa yake ni mashine ya kusugua upya tu. Halafu kuna matoke. Utomvu wa maganda ukikaa juu ya jiwe jeupe linalonyonya, unaacha rangi ya kahawia ambayo haitoki. Kama kwenu matoke humenywa chini sakafuni, chagua graniti ya kijivu yenye madoadoa, isiyo na mng'ao, na bado mtandike majani ya migomba.

Bafuni graniti au marumaru yoyote iliyong'arishwa ni hatari ikilowa. Tumia jiwe lililosuguliwa bila kung'arishwa, vipande vidogo vya sentimita 10 hadi 15, kwa sababu mistari mingi ya grauti, ile saruji ya kujazia kati ya vipande, hushika mguu. Mteremko kuelekea kwenye tundu la kutolea maji uwe sentimita 1.5 kwa kila mita. Marumaru bafuni inawezekana, lakini dawa nyingi za kusafishia choo ni asidi. Tone moja likimwagika, doa halitoki kwa kuosha. Veranda haina mjadala: graniti iliyochomwa uso kwa moto, unene wa milimita 20 au zaidi, maana mvua za Machi hadi Mei zitaipiga moja kwa moja.

Sasa dukani. Muuzaji ataita kila jiwe jeusi graniti. Omba vipande vya mabaki, nenda navyo nyumbani na ndimu moja. Dondosha maji ya ndimu, acha dakika 10, pangusa. Pakififia, hilo ni marumaru au jiwe la chokaa, liitwe lolote. Kwenye kipande kingine dondosha maji safi: jiwe likiwa jeusi zaidi ndani ya dakika 10 hadi 15, linanyonya na litahitaji sila, yaani dawa ya kupaka ili jiwe lisinyonye. Jiwe jeusi lipanguse kwa kitambaa cheupe chenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Kitambaa kikitoka cheusi, jiwe limepakwa rangi. Kuhusu mawe ya hapa nchini, marumaru ya Moroto ipo kweli, ila nyingi huchimbwa kwa ajili ya viwanda vya simenti, kwa hiyo vipande vilivyokatwa na kung'arishwa unavyoviona madukani mara nyingi vimetoka nje.

Marumaru ya kijani iache kabisa kama fundi hana gundi ya epoksi. Nyingi za aina hiyo hujikunja zikishika maji ya gundi ya kawaida, na asubuhi unakuta pembe zimeinuka.

Sebule yenu ni mita 30 za mraba. Ongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika, nunua 33, zote za mzigo mmoja. Graniti ya milimita 20 ina uzito wa kilo 54 hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo sebule peke yake ni karibu tani 1.8, pikapu ndogo haibebi hiyo kwa safari moja. Chini yake piga skridi, yaani tabaka la kusawazisha sakafu, ya milimita 50, simenti 1 kwa mchanga 4, ambayo itakula mifuko 11 hadi 12 ya kilo 50. Imwagilieni siku 7, na msiweke jiwe kabla ya siku 28. Kama chini ya zege hamkutandika nailoni nzito ya geji 1000, niambieni mapema, kwa sababu unyevu utapanda na kuacha unga mweupe juu ya jiwe.

Kuweka ndiko kunakoharibu mawe mengi kuliko uchaguzi mbaya. Mafundi wengi huweka matonge matano ya gundi, moja katikati na manne pembeni, kisha wanagonga. Chini panabaki mashimo; kiti kizito kikikaa pembeni, kona inakatika. Kwenye marumaru nyeupe matonge hayo huonekana juu kama madoa matano ya kivuli. Gundi itandazwe kwa mwiko wa meno ya milimita 10, na mgongo wa jiwe upakwe pia. Mfuko wa kilo 20 hutosha kama mita 4 za mraba. Kwa marumaru nyeupe gundi iwe nyeupe, ya kijivu huonekana. Acha milimita 2 hadi 3 kati ya vipande, na milimita 8 ukutani zifichwe na skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta.

Sila hupakwa jiwe likikauka kabisa, wiki mbili hivi baada ya grauti. Inazuia mafuta na utomvu kuingia, haizuii ndimu.

Na mwambie fundi tangu leo, kwa maandishi: siku ya kukabidhi nyumba asisafishe simenti iliyomwagika kwa asidi, kama wanavyozoea kwenye taili. Aondoe kwa kikwaruzo cha plastiki na maji gundi ikiwa bado mbichi. Asidi hiyo itaua mng'ao wa vyumba vyote vitatu vya kulala kwa mchana mmoja.