Upepo mwanana umenichosha, na mimi ndiye niliyeuvumisha

Nimewahi kusahihisha insha za darasa la nane, enzi zile KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya, bado ipo na insha ina maki 40, na jioni moja nikaamua kuhesabu "upepo mwanana" kwenye rundo langu, nikaacha nilipofika ishirini. Harusini upepo mwanana. Matangani upepo mwanana. Kuna mmoja wezi wamevunja mlango usiku wa manane, watu wanapiga nduru, na upepo bado ni mwanana tu. Siwezi kuwalaumu watoto, maana ni mimi niliyewaandikia ubaoni chini ya kichwa "mapambo", wakanakili wote.

Dawa yangu niliipata kwa aibu. Niliandika hadithi ya wapenzi wawili wamekaa ufukweni Lamu mwezi wa saba, nikampa mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa jahazi aisome. Alipofika mstari wa tatu akavua miwani. "Mwanangu, mwezi wa saba ni kusi. Huo mwanana umeutoa wapi?" Kusi ya Julai, ule upepo wa msimu utokao kusini, inakuchapa mchanga usoni, bahari imechafuka, na mimi nimewakalisha pale wananong'onezana! Akaniambia kama nautaka sana huo mwanana nisubiri maleleji, kusi ishachoka na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, haijaingia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nalichunguza hili neno. Shina lake ni -anana, ile m ni ya ngeli ya upepo, kama upepo mkali, upepo mzuri, ndiyo maana wazee walisema pia maji maanana. Sasa limekaa na upepo muda mrefu mpaka ile m imeganda, leo tunasema "sauti mwanana" na hakuna anayeshtuka, ilhali ukisema "sauti mzuri" utachekwa.

Sasa ushauri wangu, kwa yeyote anayeandika hadithi au shairi. Mrembo ni sifa ya macho, mwanana ni ya ngozi na masikio, kwa hivyo kabla hujaliandika jiulize huo upepo umegusa nini. Mimi siku hizi naandika hivi: upepo ukainua pindo la leso, lakini koroboi haikuzimika. Basi, msomaji ashajua ni upepo wa aina gani na neno lenyewe sijalitumia, limebaki akiba. (Kwa shairi sitabisha sana, pale mizani na vina vinakubana na mwanana ni silabi tatu safi, ila usiliweke kwa sababu tu kina chako ni -na, itajulikana.)

Na hiyo akiba naitumia pale neno hilo halitarajiwi. Kwenye hadithi yangu ya mwisho kuna mwenye nyumba, mtu mpole, kanzu imepigwa pasi, hajawahi kumfokea mtu. Anabisha hodi saa kumi na moja alfajiri, anamwamkia mama mwenye watoto watatu, anamuuliza wameamkaje, halafu kwa sauti mwanana anamwambia atoe vitu nje kabla jua halijapanda. Neno lile lile la ubaoni. Niliwasomea wanafunzi wangu wa zamani, sasa ni watu wazima, na mmoja akaniuliza, "Mwalimu, si hilo ulituambia ni la upepo?"