Jeni ya usugu: iko kwenye plasmidi au kromosomu?

Swali: Daktari, nilichota maji ya Mto Kisat karibu na unapoingia Ziwa Victoria, nikaotesha E. coli kwenye agari yenye sefotaksimu (antibiotiki). Bakteria sita walisomwa jenomu (DNA yote) kwa mashine ya vipande vifupi, na wote wana jeni za blaCTX-M-15 (ya usugu kwa sefotaksimu) na mdf(A). Nitajuaje kama CTX-M iko kwenye plasmidi (kiduara cha DNA kilicho nje ya kromosomu, DNA kuu ya bakteria) na inaweza kuhamia bakteria wengine? (Mwanafunzi wa uzamili, Kisumu)

Jibu: Hayo ni maswali mawili: jeni imekaa wapi, na je, inahama?

Tuanze na mahali. Kipande kimoja kina herufi 150 hivi za DNA, na jenomu ya E. coli ina karibu milioni 5. Programu huviunganisha kwa kutazama vinapolandana. Sasa, CTX-M-15 mara nyingi hutanguliwa na ISEcp1, DNA inayohamahama, na DNA za namna hiyo hujirudia ndani ya jenomu moja. Programu ikifika hapo inapotea njia, inakata. Fungua faili lako utazame. Nakisia jeni yako imeachwa kwenye kipande kifupi kilichounganishwa, haina hata jirani wa kukuonyesha mwenye nyumba, plasmidi au kromosomu. Kipande hicho kikiwa kimesomwa mara nyingi kuliko kromosomu, hiyo ni dalili tu ya plasmidi, si uthibitisho, kwani wapo E. coli wenye CTX-M-15 kwenye kromosomu yenyewe. Chagua wawili au watatu wasomwe kwa mashine ya nanopo, inayotoa vipande vya maelfu ya herufi. Plasmidi yenye jeni hiyo ikijifunga duara, ubishi umekwisha.

Kuhama ni kazi ya meza ya maabara. Changanya bakteria wako na E. coli J53, wa maabara, asiyeuawa na sumu ya sodiamu azaidi, walale pamoja kwenye nyuzi 37, kisha uwapande kwenye agari yenye azaidi na sefotaksimu. Wanaoota ni J53 waliopokea jeni. Lakini panda kila mmoja peke yake pia kwenye agari hiyo hiyo: J53 akiota hivyo, sefotaksimu yako imechoka (friji zetu na umeme huu, si ajabu). Usipopata kitu, rudia kwenye nyuzi 25. Huyu katoka mtoni, na ziko plasmidi zinazohama vizuri zaidi pasipo na joto la mwili.

mdf(A) usiihesabu kama usugu. Karibu kila E. coli anayo.