Mikia ya gapi kuchanika: anza na babi wa milia

Dada, unauliza kama ni ugonjwa: gapi (guppy, samaki wadogo wa mapambo) wenye mikia iliyochanika, babi wa milia (tiger barb) watatu na nkejje mmoja, wote kwenye tangi la lita 60? Mimi siuwazii ugonjwa kwanza. Babi wa milia ni wadokoaji wa mapezi, na wakiwa wachache ndio balaa zaidi, kwa sababu hawana wenzao wa kutosha wa kukimbizana nao. Wakiwa sita na kuendelea hutulia kidogo, ila wewe huna nafasi hiyo. Warudishe dukani.

Nkejje naye atoke. Samaki wa Ziwa Victoria huyo, mtamu akikaushwa, lakini dume akishavaa rangi hulinda eneo lake na kumfukuza kila anayepita.

Sasa mtazame gapi kwa karibu, ukiwa na tochi. Pezi likiwa na pengo lenye ukingo safi, huko ni kung'atwa. Ukingo ukiwa mweupe au mwekundu na unazidi kuliwa kuelekea mwilini, huo ni uozo wa bakteria, na kidonda cha kung'atwa hugeuka hivyo upesi maji yakiwa machafu.

Badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili, ukitia dawa ya kuondoa klorini kwenye maji ya bomba. Sponji ya chujio isuuze kwa maji ya tangi lenyewe, usiipeleke bombani. Antibayotiki usikimbilie. Kama shina la pezi ni zima, litaota tena, likianza bila rangi.