Mchungwa wa nchi ya baridi: ulizia wazazi wake kwanza

Ndugu zangu mlioko Georgia na Carolina mnaotaka mchungwa wa kukaa nje mwaka mzima, kabla hamjatoa hela muulizeni mwenye kitalu mambo mawili: mti huu umezaliwa na nini, na umebebeshwa (yaani umeunganishwa kwa kupandikizwa) juu ya shina la mti gani? Nyuzi za baridi zinazoandikwa kwenye kibandiko mimi huziangalia mwisho. Mti uliozoeshwa ubaridi polepole huhimili usiku ambao ungeuua kama baridi hiyo ingeingia ghafla baada ya siku za joto.

Chotara wengi wa baridi wana damu ya mchungwa wa majani matatu wa China. Huo hupukutisha majani yote na kulala kabisa, hata nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri haziumalizi. Baridi ya 1894 na 1895 ilipoteketeza mashamba ya Florida, Walter Swingle wa Wizara ya Kilimo ya Marekani aliuzalisha na michungwa mitamu kuanzia 1897. Uvumilivu ulipatikana, lakini uchungu wa mzazi yule ulikuja nao. Kwa hiyo usinunue Morton, mmoja wa machotara hao, ukitarajia utamu wa machungwa ya Muheza.

Ukitaka tunda la kumenya na kula, chukua satsuma, chenza la Kijapani lisilo na mbegu nyingi. Likishazoea ubaridi huvumilia takriban nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, nalo hupendeza likibebeshwa juu ya shina la ule mchungwa wa majani matatu. Lipande majira ya kuchipua, upande wa kusini wa nyumba, ukuta ulikinge na upepo. Usiku wa jalidi kali, rundika udongo kuzunguka shina hadi upite pale lilipobebeshwa. Matawi yakifa, mti utachipua upya juu ya kovu la kubebeshwa. Baridi ikiisha, ondoa udongo huo, shina lisioze.

Kagua chini ya kovu hilo kila mara. Chipukizi lenye jani lililogawanyika vipande vitatu na miiba mirefu ya kijani ni la shina la chini. Ling'oe likiwa changa. Ukiliacha litanenepa upesi, limeze satsuma yako, na utavuna vitunda vyenye manyoya, mbegu tele na utomvu unaonata vidoleni.

Kwa samaki na achari, Thomasville, chotara mwingine wa baridi, inatosha: ikiwa bado mbichi, maji yake nayatumia badala ya ndimu.