Nukuu Tano Zilizonifunza Kuyatofautisha Majarida

Nilipokuwa nikiandika tasnifu ya uzamili kuhusu soko la kahawa ya Kilimanjaro, nilinukuu mara tano makala ya jarida moja la ng'ambo, nikiamini kuwa neno "Journal" lililokuwa katika jina lake lilitosha kulifanya la kitaaluma. Msimamizi wangu alizizungushia nukuu zote kwa penseli, akaandika pembeni: "Nani aliipitia kabla haijachapwa?" Sikuwa na jibu.

Katika jarida la kitaaluma, kama Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mswada hupelekwa kwanza kwa wataalamu wa fani hiyohiyo, ambao mara nyingi hawaambiwi umeandikwa na nani, nao hushauri uchapishwe, urekebishwe au ukataliwe. Jarida la sekta, mfano Tea & Coffee Trade Journal lililoanzishwa Marekani mwaka 1901, halikusudii hayo: wanasekta huandikiwa habari za kazi yao, na mhariri ndiye anayeamua. Majarida ya wasomaji wa kawaida, kama Fema linalosomwa na wanafunzi wa sekondari Tanzania, hayakunisumbua kamwe. Picha na lugha yake hujieleza.

Kilichoniponza ni kupakua makala peke yake, bila jalada wala matangazo. Nilipolitafuta toleo zima, nilikuta kurasa za mitambo ya kukaangia kahawa, magunia na maonesho ya biashara, na mtu hahitaji shahada kujua kwamba msomaji anayeuziwa mtambo wa kiwandani si mhadhiri. Tangu hapo huanza na matangazo, kisha natafuta ikisiri (muhtasari wa makala), marejeleo na maelekezo kwa waandishi. Namba ya ISSN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha majarida, siitegemei, kwani hata jarida la mitindo ya nguo huweza kupewa. Aidha, jarida kuwa la kitaaluma hakumaanishi kwamba kila ukurasa wake umepitiwa na wataalamu: The Lancet, jarida la tiba la Uingereza linalotoka tangu 1823, huchapisha pia tahariri na barua za wasomaji.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaoyatupa majarida ya sekta, maana kauli za wanunuzi kuhusu bei za msimu huu utazikuta humo mapema kuliko kwingineko. Katika zile nukuu tano, mbili nilizibakiza, nikaeleza waziwazi kuwa ni maoni ya wafanyabiashara. Tatu zilizohusu sababu za kushuka kwa bei nilizifuta, na kuzipatia mbadala kulinigharimu wiki mbili maktabani.