Maswali na majibu: volkano ya boksi, kivuli cha fimbo na maji yasiyofika mia

Mitihani ya muhula imekwisha, shule hazijafungwa, na simu yangu imejaa ujumbe wa walimu na wazazi wanaoulizia kazi za kufungia mwaka kwa watoto wa darasa la tano hadi kidato cha pili. Mengi yanafanana. Nimechagua haya.

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la sita, ameambiwa apeleke mradi wa volkano. Kuna duka la vifaa vya shule Mwanjelwa wanauza iliyokwisha tengenezwa, shilingi 15,000. Ninunue au nimtengenezee mwenyewe? (Mama, Iyunga)

Marahaba, mama. Usinunue, na usimtengenezee.

Mtoto wa Mbeya ana volkano halisi. Mlima Rungwe, mita 2,960 kwenda juu, ni volkano. Kiejo, jirani yake, ulimwaga lava karibu mwaka 1800, siku za mababu ambao koo nyingi za Rungwe bado zinawataja kwa majina. Na miaka kama 4,000 iliyopita Rungwe ulilipuka ukarusha yale mawe mepesi yenye matundu matundu ambayo akina mama wanasugulia visigino. Ukienda Tukuyu, tazama kingo za barabara zilipokatwa, utaona tabaka lake. Sasa mtoto wa hapa anapeleka boksi lililopakwa rangi nyekundu la nini?

Mtafutie jiwe moja la namna hiyo. Aweke kwenye beseni pamoja na kokoto, jiwe la mtoni na kipande cha tofali. Lipi linaelea? Aliache usiku kucha, asubuhi atazame kama bado linaelea au limezama. Ampelekee muuza duka mwenye mizani ampimie kabla na baada. Aandike. Hapo ndipo atakuja kwako kuuliza matundu yametoka wapi, nawe umwambie afungue soda iliyotikiswa: gesi iliyobanwa ndani ya mwamba ulioyeyuka ilitoka hivyohivyo kwa nguvu, povu likaganda likawa jiwe.

Nina sababu ya kusema kwa ukali. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipokea nyumba ya maboksi yenye taa inayowaka, nikaipa alama za juu kuliko zote. Kisha nikamwuliza mtoto waya unapita wapi. Akainamisha kichwa. Mjomba wake alikuwa fundi umeme. Watu wazima wawili, mjomba na mimi, tulimfundisha yule kijana kwamba kazi nzuri ni ile ambayo hukuifanya. Sijasahau uso wake.

Kila kundi linahitaji karatasi ngapi za manila? (Mwalimu, Chunya)

Moja, na inunuliwe mwisho, daftari likishajaa.

Mwalimu, nina watoto 94 wa darasa la tano, wiki mbili mbele yangu, na sina kifaa hata kimoja. Wanacheza tu na wengine wameanza kutoroka. Nifanye nini? (Mwalimu, Uyole)

Una uwanja, una jua, una fimbo. Anza na hivyo.

Tafuta fimbo iliyonyooka, uichimbie hadi ibaki mita moja kamili juu ya ardhi. Ihakikishe imesimama wima kwa uzi uliofungwa jiwe, kama waashi wanavyofanya kwa timazi. Kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba na nusu, kila baada ya dakika 10, kundi moja linatoka, linachomeka kijiti kwenye ncha ya kivuli, linapima urefu, linaandika saa na sentimita. Hiyo ni mizunguko 13. Watoto saba au wanane kila mzunguko, na darasa lako lote limepata zamu. Wengine wakiwa ndani wanachora grafu ya vipimo vinavyoingia.

Kabla ya kuanza, waulize kivuli kitakuwa kifupi kabisa saa ngapi. Wote watasema saa sita kamili, kwa sababu ndivyo tulivyowakaririsha. Hakitakuwa. Mwishoni mwa Novemba, hapa Mbeya, kitakuwa kifupi kabisa saa sita na nusu na dakika chache. Saa ya nchi yetu imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita Somalia na Madagaska. Sisi tuko kwenye nyuzi 33 na nusu hivi. Dunia huzunguka nyuzi moja kwa dakika nne, kwa hiyo nyuzi 11 na nusu ni dakika 46 za kuchelewa. Halafu mwezi huu jua linawahi kwa dakika kama 13, kwa kuwa mhimili wa dunia umeinama na mwendo wake kulizunguka jua hauna kasi moja mwaka mzima. Hilo waachie kidato cha pili. Hesabu ya dakika 46 darasa la tano wanaiweza kabisa.

Kivuli hicho kifupi kitakuwa na sentimita 21 hivi, nacho kitaelekea kaskazini. Waambie waitunze alama. Juni, fimbo ileile, kivuli cha mchana kitaangukia kusini na kufika sentimita 63. Mtoto aliyepima mara mbili hivyo, ukimfundisha mhimili wa dunia umeinama, anakuwa ameshajua tayari kuna jambo linalohitaji kuelezwa.

Nimewahi kumwona binti wa darasa la tano amepiga magoti kwenye vumbi, rula mkononi, sweta limefungwa kiunoni. Kengele ya saa sita ikagongwa, wenzake wakaanza kuondoka. Akawakatalia bila kuinua kichwa: "Bado, kinapungua." Alibaki pale hadi kikaanza kurefuka. Mwalimu, watoto hao 94 wanaotoroka, hawaikimbii shule. Wanakimbia kukaa bure. Mawingu yakifunga siku moja, jaribuni kesho yake. Wiki mbili zinatosha.

Naomba orodha ya miradi 20 kwa darasa la sita na la saba. Asante.

Ujumbe huu nimeupata mara nyingi mno mwaka huu, na mwaka jana vilevile. Sitoi orodha. Anayeomba orodha hajawauliza watoto wake swali lolote. Na darasa la saba wamefanya mtihani wao Septemba na wameondoka. Nashangaa orodha ya darasa la saba itamfikia nani mwezi huu. Waulize wa darasa la sita: ni kitu gani njiani mnapokuja shule hamkielewi? Kwa nini viazi vya Umalila vinaoza haraka mvua ikinyesha? Kwa nini ukungu unakaa bondeni na kilima kiko wazi? Chagua swali moja linaloweza kupimwa kwa siku kumi. Basi.

Mwalimu, mimi ni mgeni hapa, nimehamia kutoka Tanga. Nilitaka kidato cha kwanza wahakikishe kiwango cha kuchemka kwa maji. Kipimajoto kiligoma kwenye 94. Nimebadilisha vitatu, vyote 94. Ni vibovu? (Mwalimu wa sayansi, Mbeya mjini)

Karibu nyanda za juu, ndugu yangu. Vipimajoto vyako ni vizima. Umeangukia kazi bora kuliko zote kwenye ukurasa huu, usiitupe.

Maji huchemka nyuzi 100 kwenye usawa wa bahari, na Tanga mpo pale. Mbeya mjini ni mita kama 1,700. Hewa inayokandamiza maji hapa ni pungufu, kwa hiyo mvuke unapata njia mapema. Kwa makadirio ya darasani, kila mita 300 unazopanda, punguza nyuzi moja. Gawanya 1,700 kwa 300, unapata kama tano na nusu hadi sita, na hapo ndipo ilipo 94 yako. Wanafunzi wakihesabu wenyewe Kitulo, mita 2,600, watapata kama 91. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi, kwa hiyo Kyela na Matema ni zaidi ya 98.

Na hapo inaingia sufuria. Kila nyumba ya Mbeya inajua maharage yanachukua muda, na kila mwenye ndugu Kyela ameona kule yanaiva mapema. Watu husema ni kuni, au ni mbegu. Sababu moja kubwa ni hii: maji yako hapa, hata uyachochee moto kiasi gani, hayapandi juu ya 94, moto wa ziada unakausha sufuria tu. Chukueni kilo moja ya maharage kutoka gunia moja, igawe. Nusu ipikwe Mbeya, nusu iende Kyela na mwanafunzi anayekwenda likizo, sufuria yenye mfuniko wa aina moja, kuloweka kwa saa zilezile, chumvi isitiwe. Wote waandike dakika. Wakichanganya maharage ya madebe mawili tofauti kazi imeharibika, warudie.

Onyo, ingawa hukuuliza. Kama kipimajoto kina zebaki ile inayong'aa kama fedha, kirudishe kabatini, tumia cha spiriti yenye rangi kinachofika zaidi ya nyuzi 100. Zebaki ikimwagika sakafuni watoto huichezea kwa vidole, na mvuke wake ni sumu. Na sufuria ya maji yanayochemka ashike mtu mzima.

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha kwanza Tukuyu. Nataka kupima mvua mpaka tutakapofunga lakini shule haina kipimo cha mvua. (Mwanafunzi)

Marahaba, mwanangu. Wewe umekuja na swali lako, nitakujibu polepole.

Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka. Kata sehemu ya juu, igeuze iwe faneli, iingize humohumo. Kitako cha chupa hakiko sawa, kwa hiyo tia kokoto kidogo na maji mpaka pale ubavu unapoanza kunyooka. Chora mstari, hapo ndipo sifuri. Juu ya mstari bandika karatasi ya milimita uliyoikinga kwa selotepu. Kila milimita ya maji inayoongezeka ni milimita moja ya mvua. Iweke wazi, mbali na mti na mbali na ukingo wa bati, na uizungushie vijiti mbuzi wasiiangushe. Soma saa tatu asubuhi kila siku, kama wanavyofanya vituo vya hali ya hewa, kisha mwaga hadi mstari wa sifuri. Siku isiyo na mvua andika sifuri, usiruke.

Halafu hesabu hii. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 8 kwa 6 ni mita za mraba 48. Ikinyesha milimita 10, ambayo kwenu Tukuyu ni mvua ya kawaida, ni lita 480 zinazotiririka kutoka paa hilo. Pima paa la darasa lenu. Mpelekee mkuu wa shule namba hiyo, hasa kama mnabeba ndoo kutoka mtoni.

Kamwene, Mwalimu. Shule ya mwanangu inataka 35,000 kwa kila mtoto, safari ya Isimila na Kalenga siku moja. Ni lazima? (Baba, Iringa)

Kamwene. Mchango wa safari ni wa hiari, na mtoto asiyelipa asibaki nyumbani akijiona ana kosa.

Mahali penyewe panafaa sana. Isimila kuna zana za mawe za watu wa kale sana, zaidi ya miaka 200,000, na zile nguzo za udongo zilizochongwa na maji. Kalenga ndiko ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ilikoanguka mikononi mwa Wajerumani mwaka 1894, na ndiko liliko fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Ila yote mawili kwa siku moja, watoto 60, basi moja, watarudi na picha za simu tu. Chagueni moja. Kila mtoto aende na swali ameliandika, na arudi na mchoro aliouchora pale kwa mkono wake.

Kama fedha hazitoshi watoto wote, msiende. Wapeni kazi ya kuuliza wazee. Vita vya Lugalo, Wahehe walipowashinda Wajerumani, ni vya Agosti 1891, na kwenu Iringa wapo wazee waliosimuliwa habari zake na babu zao. Mtoto amketie mzee mmoja, amwamkie ipasavyo, amsikilize bila haraka, aandike maneno yake kama alivyoyasema. Kisha darasani walinganishe masimulizi matatu: wapi yanakubaliana, wapi yanapishana. Hakuna basi la kukodi kwenye kazi hiyo, na wazee hao hawatakuwepo siku zote.

Sisi mradi wetu wa mwisho wa mwaka ni kubeba matofali na kufyeka. Tunapewa alama. Ni sawa? (Mwanafunzi, Mbozi)

Kusafisha shule yenu ni wajibu na sina ugomvi nao. Alama za sayansi kwa kubeba matofali, hapana. Mwalimu wako akisoma hapa: una Kimondo hapo Ndolezi, pande la chuma na nikeli lenye urefu wa mita kama tatu, lililotoka angani. Wape watoto sumaku na misumari yenye kutu, waulize chuma hicho kimewezaje kukaa mvuani miaka yote hiyo bila kuliwa kikaisha. Kimondo chenyewe wakikitembelea wasikikwangue. Watu wameshakikata vipande vya kutosha.

Daftari la mradi tukishafunga shule tulipeleke wapi? Mwaka jana yalichomwa. (Mzazi, Njombe)

Limenisikitisha hili. Libaki na mtoto, lifungwe kwenye mfuko mkavu, Januari alipeleke kwa mwalimu wake mpya siku ya kwanza. Na kama alikuwa anapima mvua, chupa aiache palepale uwanjani kwenu. Huku kwetu itanyesha hadi Aprili, na kurasa bado zipo.